Kisiba Tatu kwenye Ramani Moja

Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu ya nyuki. Walikuwa wamejenga kwenye paa la nyasi la darasa letu, na mimi na mwenzangu mmoja, ambaye sasa ni marehemu, tuliona ni hasara asali kukaa juu ya vichwa vyetu huku tukiimba hesabu za kuzidisha. Tukapanda wakati wa mapumziko na kijinga cha moto. Nyuki walishuka wote kwa pamoja, wakamkuta mwalimu anakunywa uji. Mengine siyasemi, maana watoto wake wapo na tunasali nao, ila alikimbilia mtoni akakaa humo na kofia yake kichwani. Mimi nilikimbia upande mwingine. Nilikimbia mpaka Kinyala kwa shangazi yangu, na huko nikakaa miaka minne. Shangazi hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Aliuliza kama nimekula.

Shangazi huyo alikuwa na ndugu kila kijiji, na kila ndugu alikuwa na neno la kupelekewa. Huyu aambiwe ng'ombe amezaa, yule aambiwe arudishe sufuria. Mpeleka maneno nikawa mimi. Ndiyo maana mpaka leo ukinifunga macho ukaniacha katikati ya migomba, nitakwambia mlango wa nani uko wapi. Baadaye nilichuma chai miaka mingi, ambayo sitaisimulia, kwa kuwa siku moja ya kuchuma chai inafanana na nyingine kama majani yenyewe. Halafu mtu wa kusoma maji akaugua magoti, wakatafutwa watu wanaojua njia na namba. Njia nilizijua zote. Namba nilizijua mpaka pale nyuki waliponikatiza.

Basi ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya maji, na nyie mliobaki ofisini Tukuyu mmeniomba niandike jinsi ilivyokuwa. Naandika kwa penseli kwenye daftari la mjukuu. Mkikuta hesabu upande wa nyuma, hizo si zangu.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Angolile, huyo mwenye magoti. Alinipeleka mtoni akanionyesha ubao uliosimamishwa majini, umechorwa namba kutoka chini kwenda juu. Kazi ilikuwa kuusoma asubuhi na jioni, ukaandika maji yamefika wapi. Nikaona kazi gani hii, hata mbuzi angeiweza. Nikatazama, nikaandika. Mzee Angolile akachukua daftari, akafuta.

"Umesoma wimbi," akaniambia. "Kaa chini. Subiri maji yasahau kwamba umefika."

Nikakaa. Kweli, maji yanapanda na kushuka pale kwenye ubao kama mtu anayepumua, na lazima upate katikati ya pumzi. Alinifundisha pia kutoandika kwa kalamu ya wino, maana Rungwe mvua inaweza kunyesha ndani ya sentensi moja. Penseli niliifunga kwa uzi shingoni. Wapo waliodhani ni hirizi, wakaniheshimu, nami sikuwasahihisha.

Miaka ya ruksa ikaingia, biashara zikafunguliwa. Vitu vilivyokuwa havionekani vikaonekana: sabuni ya kila rangi, redio, na mitumba marobota kwa marobota. Mimi nilinunua koti zuri la bluu lisilopitisha maji, lina maandishi makubwa ya kizungu mgongoni. Nililivaa miaka miwili kabla mtu hajanisomea. Aliyenisomea ni Bwana Kassimu, na alisoma mara mbili kwanza kabla ya kusema.

"Mzee Amba, hapa pameandikwa mwalimu wa kuogelea."

Mimi Ambakisye, niliyekuwa navuka mto nimeshika kamba kwa mikono miwili na meno. Nikaendelea kulivaa, lilikuwa halivuji.

Huyu Kassimu alikuwa kijana wa Tanga, amesomea nje mambo ya picha za angani. Alikuja na mradi wa kutazama ardhi na maji ya bonde letu kutoka juu, kwa setilaiti: wapi msitu umeliwa, wapi chai imeongezeka, wapi maji yamekaa na wapi yamekimbia. Ofisi ikampa meza, kabati, na mimi. Alikuwa mpole, hawezi baridi, anavaa sweta mbili mwezi wa Juni na kushangaa watoto wanaopita kifua wazi.

Tatizo la kwanza lilikuwa mawingu. Setilaiti ilipita juu yetu kila baada ya wiki kadhaa, na kila ikipita sisi tumejifunika. Kassimu akawa kama mtu anayesubiri barua ya posa. Picha inakuja kutoka mbali, anaifungua, ni pamba tupu. Mwishowe akapata mbili safi. Moja ilipigwa Juni, mvua kubwa zimeisha na kila shimo limejaa. Nyingine ilipigwa Oktoba ya mwaka uliotangulia, nchi imekauka. Ya Oktoba ilikuwa na wingu upande mmoja, akaiweka kabatini. Ya Juni akaitandaza mezani, ikafunika meza yote kama kitambaa cha harusi.

Ilikuwa nyekundu. Migomba nyekundu, chai nyekundu, msitu mwekundu uliokolea. Mlinzi wetu alichungulia mlangoni akauliza tumeungua lini. Kassimu akatueleza kwamba setilaiti inaona mwanga ambao jicho halioni, na kwamba jani lenye afya linaurudisha mwanga huo kwa wingi, basi wanaupaka rangi nyekundu ili uonekane. Maji hayarudishi, yanaumeza, kwa hiyo yanatoka meusi. Mimi nililielewa hilo mapema kuliko alivyotegemea. Chai ya kiwandani ilikuwa nyekundu laini kama blanketi lililonyolewa, maana inakatwa sawasawa. Migomba ilikuwa nyekundu ya kuparuza, maana chini yake pana nyumba, kahawa, magimbi, kuku na mambo ya watu. Nikaanza kumwonyesha: hapa Kinyala, hapa barabara, hapa kanisa ambalo wewe huoni ila mti wake unaonekana. Akawa anaandika tu.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembea. Picha inasema jambo, mtu anakwenda kulitazama kwa miguu. Tulibeba picha iliyokatwa vipande ndani ya nailoni, dira, panga, fimbo ndefu ya kupima kina, na kijimashine kidogo cha kuiuliza setilaiti tuko wapi. Hicho chini ya migomba kilikuwa hakisikii kitu. Kassimu anakiinua juu kama anaomba mvua, mimi namwambia tuko nyuma ya nyumba ya fulani, na baada ya nusu saa kinakubaliana na mimi. Mimi nilikuwa natabasamu kwa upande asiouona.

Sasa nifike pale ninapopaswa kufika.

Tulikuwa na orodha ya madoa meusi. Kila doa jeusi alitaka kujua ni nini, maana kivuli cha wingu nacho ni cheusi, na shamba lililochomwa moto nalo lina weusi wake. La kwanza lilikuwa ziwa la Kisiba, lile lililokaa ndani ya shimo la mlima wa zamani, maji yake yametulia na hakuna aliyemaliza kina chake. Tulisimama ukingoni. Akaweka kidole kwenye picha.

"Hii nyeusi ni nini, mzee?"

"Kisiba," nikasema.

Akaandika. Wiki iliyofuata tukaenda upande wa Kinyala, doa dogo kati ya migomba. "Na hii?"

"Kisiba."

Akaandika. Mwezi uliofuata tukapanda juu ya kijiji cha Matwebe, kwenye bwawa dogo linalochotwa na kitongoji kizima, lina magimbi pembeni na njia ya ng'ombe. Nilikuwa nimechoka na nina njaa. Bibi mmoja alikuwa anasafisha ukingo kwa jembe. Kassimu akauliza tena, "Na hii nyeusi?"

"Kisiba."

Akacheka. "Hizi Kisiba zenu ni nyingi."

"Ndiyo," nikamjibu, "huku kwetu zipo nyingi."

Na sikusema uongo. Kwa Kinyakyusa kisiba ni bwawa, ni maji yaliyosimama. Hata Ziwa la Kisiba lenyewe jina lake limetoka huko. Aliniuliza ni nini, nikamwambia ni nini, kwa lugha iliyonijia mdomoni kwanza. Yeye alidhani nimemwambia panaitwaje. Mwaka mzima tulizungumza hivyo, kila mmoja akimwelewa mwenzake vizuri kabisa, na kila mmoja akielewa kitu kingine.

Ramani ikachapwa Mbeya, ikaja na kitabu chake. Kwenye ramani palikuwa na Kisiba tatu. Kwenye kitabu, mpiga chapa aliona jina moja limejirudia, akafanya usafi, akaliandika mara moja: Kisiba, maji ya kudumu, kina kirefu. Nilikisoma kitabu hicho kwa kidole, jioni kadhaa, kwa sababu Kassimu alikuwa amesimama mbele ya madiwani akasema bila Mzee Ambakisye kazi hii isingefanyika, nami nilitaka kuona kazi yangu ikoje ikiwa kitabu. Nikafika kwenye mstari ule. Nikaelewa palepale.

Nikanyamaza. Naliandika hili kwa sababu nyie ni wenzangu. Nilijiambia ni jina tu, jina halimwagi maji. Nilijiambia nitamwambia Jumatatu. Jumatatu zikapita nyingi. Mtu aliyesifiwa mbele ya watu mara moja katika maisha yake hana haraka ya kuirudisha sifa.

Wakati huo wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia, si chama cha ushirika peke yake tena. Mmoja alitaka kuweka mtambo wa kumenya na kuosha kahawa juu ya Matwebe, jambo zuri kabisa, maana kahawa iliyooshwa vizuri ina soko. Mtambo unataka maji mengi. Msimamizi wake, Bwana Lusekelo, akaenda ofisi inayotoa vibali vya maji na ramani yetu, akaonyesha doa lililo karibu na kiwanja chake. Wakafungua kitabu: Kisiba, maji ya kudumu, kina kirefu. Akapewa kibali, na sioni kosa la aliyempa.

Nilijua siku yule bibi aliyekuwa na jembe alipofika ofisini. Anaitwa Subilaga. Ametembea kutoka Matwebe na khanga imelowa mpaka magotini. Akasimama mlangoni, akanitazama, akanizunguka akatazama na mgongo wangu.

"Ndiye. Nililijua koti," akasema.

"Ugonile, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Wewe ni Mnyakyusa?"

"Ndiyo, mama."

"Na mama yako pia?"

"Pia."

"Basi alikufundisha nini? Wameleta pampu kisibani kwetu. Nimewauliza nani kawaambia pana maji ya kulisha mtambo, wakasema imeandikwa. Lile bwawa nalisafisha mimi na mashemeji zangu kila mwaka ili lifike Desemba. Ng'ombe wanakunywa hapo, sisi tunakunywa hapo, watoto wanaoga hapo. Wakiwasha hiyo pampu wiki mbili, tutakunywa tope. Wewe uliliona. Ulichovya fimbo, ikafika wapi?"

"Kiunoni," nikasema.

"Kiunoni. Na kwenye karatasi?"

Kassimu alikuwa amesimama nyuma yangu na sweta zake. Akauliza kuna nini. Nikaomba kiti, nikamwambia yote, kuanzia doa la kwanza mpaka mstari wa kitabu, na zile Jumatatu nikazitaja. Bibi Subilaga alikuwa anasikiliza. Nilipofika pale niliposema huku kwetu zipo nyingi, alifunika mdomo kwa khanga, na sikujua kama analia au anacheka.

Kassimu akasema taratibu, "Kwa hiyo mwaka mzima ulikuwa unaniambia bwawa, bwawa, bwawa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na mimi nikaandika jina, jina, jina."

"Ndiyo."

"Na ulijua tangu lini?"

"Tangu kitabu kilipokuja."

Hilo ndilo lililomuuma. Aliinuka akaenda dirishani, akakaa huko akitazama uwanja. Nilijua anaweza kuandika barua nikarudi kwenye chai. Akageuka akasema, "Tutagombana baadaye. Wanawasha lini?"

"Keshokutwa," Bibi Subilaga akasema.

Kassimu alikuwa na akili za kusubiri wimbi lipite, ingawa Mzee Angolile hakumfundisha. Alisema tukienda kwa maneno tutarudishwa kwa maneno, kwa sababu watasema setilaiti haikosei. Akafungua kabati akatoa ile picha ya Oktoba aliyoiweka humo. Wingu lilikuwa upande wa mlima, Matwebe ilikuwa wazi. Akaziweka mbili sambamba, akanipa kioo cha kukuzia.

"Nitafutie Kisiba zako."

Ziwa lilikuwepo Juni, lilikuwepo Oktoba, jeusi lilelile, ukubwa uleule. La Kinyala lilikuwa limepungua. La Matwebe, Juni lilikuwa doa moja jeusi safi. Oktoba hapakuwa na cheusi. Palikuwa na nukta nyekundu kuliko majirani zake wote. Nikamwambia hayo ni magimbi, ndiyo majani pekee mabichi mwezi huo, yamekaa kwenye unyevu uliobaki, na wanawake wanachota katikati kwa kata ya kibuyu. Na setilaiti hiyo, nukta yake moja ni shamba zima la mtu, dimbwi la kuchota kwa kata haiwezi kuliona.

"Imesema kweli mara zote mbili," Kassimu akasema. "Sisi ndio tulioiuliza mara moja."

Keshokutwa yake tulikuwa Matwebe mapema. Pampu ya dizeli imekaa ukingoni, bomba limelala kwenye nyasi, na wanawake wa kitongoji wamekaa juu ya bomba, wanachambua mboga. Hawakugombana na mtu. Walikaa tu. Bwana Lusekelo alikuwa kijana wa hapahapa wilayani, amevaa shati la kitenge, amechoka kabla ya saa mbili.

"Shikamoo, mzee. Waambie hawa mama zangu wainuke."

"Marahaba. Siwezi. Mmoja wao ana haki ya kunikalia mimi."

Akatoa kibali. "Ramani inasema Kisiba. Kitabu kinasema Kisiba. Kibali kinasema Kisiba. Hapa ni wapi?"

"Hapa ni kisiba," nikasema, "ila si Kisiba."

Wanawake wakaangua kicheko. Lusekelo, kwa kuwa ni Mnyakyusa, alilirudia neno hilo kwa sauti ndogo. Akatazama kibali. Akatazama bwawa. Nikaona neno linamgeukia kichwani.

"Nani aliandika hivi?" akauliza.

"Mimi ndiye niliyesema. Usimtafute mwingine."

Kassimu akatandaza picha mbili juu ya nyasi. Nikachukua fimbo, nikavua viatu, nikaingia na koti langu la mwalimu wa kuogelea mpaka katikati, maji yakanifika kiunoni. Nikasimama humo watazame. Baridi ya Matwebe asubuhi siwezi kuieleza kwa penseli.

"Huu ni mwezi gani?" nikamuuliza.

"Wa sita."

"Sasa hesabu mpaka wa kumi, halafu uniambie mtambo wako utaosha kahawa na nini. Msimu wako wenyewe utakauka kabla hujaumaliza. Hata ukitupora, hutafika mbali."

Hilo ndilo lililomgeuza, nadhani, kuliko machozi ya mtu yeyote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye karatasi. Aliuliza maji ya kudumu yako wapi basi, na Kassimu akamwonyesha kwenye picha ya Oktoba uzi mweusi wa mto bondeni, haukukatika hata mahali pamoja, na kando yake kiwanja tambarare. Mimi nilikuwa na namba za mto huo, asubuhi na jioni, miaka mingi, za penseli. Wakakubaliana mtambo ushuke huko, na Kassimu akaandika palepale barua ya kusahihisha ramani na kitabu, ameiweka kwenye goti. Lusekelo akatia sahihi. Bibi Subilaga akaweka dole gumba, akaangalia sana wino wake.

Wanawake wakainuka kwenye bomba. Wawili wakasaidia hata kulikunja.

Sasa ikabaki safu moja tupu kwenye barua. Kassimu alikuwa ameigawa sehemu mbili: ni nini, na panaitwaje. Ni nini, akaandika bwawa. Panaitwaje, kalamu ikasimama. Ndipo zogo likaanza. Mmoja akasema ni la mkwe wake, ndiye aliyelichimba. Mwingine akasema mkwe wake alichimba shimo la udongo wa kufyatulia tofali, maji yakaja yenyewe. Bibi Subilaga akasema anayelisafisha ndiye mwenye jina. Wakaanza kutaja majina ya watu waliokufa zamani, kila mmoja na lake, na Kassimu, mtu wa Tanga, akawa amechuchumaa katikati yao anauliza, anarudia kila neno mpaka wakubali kalitamka sawa, anaandika, anafuta. Nilimsikia akisema, "Subiri, bibi, hilo ni jina au ni kitu?"

Mimi nilikuwa nakamua suruali. Ilikuwa imebaki miezi miwili nistaafu.

"Mzee Amba," akaniita bila kuinua kichwa, "njoo utuambie tuandike lipi."

Nikamwambia awaulize wenyewe, maana kuuliza alikuwa ameshajua. Nikachomeka fimbo ya kupimia kwenye tope la ukingoni, iliposimama vizuri nikaiachia. Daftari la mto nikaliweka juu ya picha za Kassimu ili lisilowe. Nikavaa viatu vyangu, nikashika njia ya migombani kuelekea Kinyala, huku nyuma bado wanabishana kuhusu udongo wa tofali. Walidhani nimekwenda kujisaidia. Barua ya kustaafu ililetwa nyumbani, na mshahara wa mwisho aliuchukua mwanangu. Ofisini sikurudi.